Karatasi ya Rimoti: Kiswahili cha Maagizo Katika Kisii na Nyamira

Miongoni mwa matini zinazosambazwa kwa wingi katika kaunti za Kisii na Nyamira, ipo moja ambayo wahakiki wa Kiswahili hawajaitupia jicho. Ni karatasi nyembamba, iliyokunjwa mara nne au zaidi, inayotiwa ndani ya kifuko cha plastiki pamoja na rimoti ya kila runinga, yaani ile rimoti inayouzwa pasi na kujali runinga ya mnunuzi ni ya kampuni gani. Upande mmoja wa karatasi hiyo una majina ya kampuni na safu za tarakimu. Upande wa pili una maagizo ya Kiingereza, aghalabu yakiandamana na ya Kichina, kwa herufi ambazo hata kijana mwenye macho makali huzisogeza dirishani ndipo azisome. Mnunuzi huitoa, huigeuza mara moja, kisha huitupa. Baada ya siku mbili hurudi dukani akilalamika kwamba rimoti ni mbovu.

Mara nyingi rimoti huwa nzima. Hoja ya makala haya ni kwamba kuiseti rimoti hiyo kwa haraka, bila kubahatisha na bila kupoteza nusu siku, ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ufundi. Na kwamba idara za Kiswahili, ambazo kwa miaka mingi zimejishughulisha na majina ya mitambo, zimeyasahau maagizo ya kuitumia.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini rimoti hizi zimeenea Gusii. Runinga nyingi zilizoingia katika nyumba za mashambani hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilitoka kwa jamaa aliyehamia Nairobi au Nakuru, au zilinunuliwa kuukuu mjini, na runinga kuukuu kwa kawaida hufika bila rimoti yake. Zile ndogo za Great Wall zilizopendwa sana katika miaka ya 2000 zilidumu kuliko rimoti zake, kwa kuwa rimoti huangushwa na watoto, humwagikiwa na chai, na betri zake huvuja zikala vyuma vya ndani. Nyanda za juu za Gusii, isitoshe, zinajulikana kwa radi. Runinga iliyoachwa imechomekwa wakati wa mvua ya alasiri huweza kuungua, na inayonunuliwa badala yake ni kuukuu vilevile. Halafu yakaja mambo mawili kwa pamoja. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi mkubwa wa kuunganisha nyumba za mashambani na umeme, na mwaka huohuo Kenya ikakamilisha kuhama kutoka mawimbi ya analojia hadi dijitali. Nyumba ambayo jana ilikuwa na rimoti moja ikajikuta na mbili: ya runinga, na ya king'amuzi. Ya runinga ikipotea, king'amuzi hakina faida kubwa, kwani runinga nyingi hazina kitufe cha wazi cha kuihamisha picha kwenye tundu ambalo king'amuzi kimechomekwa.

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Mbele ya rimoti pana taa ndogo inayotoa mwanga wa infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Mtu anapobonyeza kitufe, taa hiyo hupepesa kwa kasi kubwa, mara 38,000 hivi kwa sekunde katika rimoti nyingi, na upepesaji huo hukatwakatwa vipande virefu na vifupi vinavyobeba ujumbe. Kila kampuni ilijichagulia mpangilio wake. Philips walikuwa na wao wa mara 36,000, Sony wa mara 40,000, na viwanda vingi vya Asia vikafuata ule ulioanzishwa na NEC ya Japani. Kwa hiyo runinga ya Sony hupuuza ujumbe wa Philips jinsi mtu apuuzavyo mazungumzo ya lugha asiyoijua. Rimoti ya kila runinga imehifadhi lugha nyingi za namna hiyo. Kuiseti ni kuiambia izungumze ipi. Nambari ya tarakimu tatu au nne iliyo katika karatasi ni jina la lugha hiyo, basi.

Ugumu wa kuiambia si wa Gusii peke yake. Rimoti ya Zenith iliyobuniwa na Robert Adler na kuuzwa Marekani kuanzia mwaka 1956 haikuhitaji kupangwa wala kutiwa betri. Vitufe vyake viligonga vijiti vya chuma vikatoa sauti ya juu isiyosikika na watu, nayo runinga ikaitikia. Mwaka 1987 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alitoa rimoti iliyoitwa CORE ambayo iliweza kujifunza kazi za rimoti nyingine. Ilikuwa hodari mno, na kuipanga kulikuwa kugumu mno kwa mnunuzi wa kawaida. Ikiwa msomaji wa Kiingereza huko kwao alishindwa na kitabu kilichoandikwa kwa lugha yake, yamkini tatizo la omong'ina wa Nyamira ni kubwa zaidi.

Hapa ndipo mwanafasihi anapoweza kuingia bila kuomba ruhusa. Kila matini humwazia msomaji fulani, na karatasi ya rimoti inaye msomaji wake kusudiwa. Msomaji huyo anajua Kiingereza. Runinga yake ina jina la kampuni inayotambulika duniani, na jina hilo limo katika orodha. Ana mwangaza wa kutosha, ana utulivu, na runinga iko mbele yake. Tena, na hili ndilo kubwa, tayari anajua anachotakiwa kufanya. Karatasi inamkumbusha tu. Linganisha msomaji huyo na mnunuzi halisi wa Keroka, Kebirigo au Ogembo. Runinga yake ina jina ambalo halimo katika orodha, kwa sababu iliundwa na kiwanda kisichojulikana na kubandikwa jina la mwagizaji. Yeye yuko dukani na runinga iko nyumbani. Alisoma Kiswahili shuleni, kwa kuwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 somo hilo lilikuwa la lazima katika shule za msingi na za upili, lakini karatasi haimtambui kwa lugha hiyo. Pengo baina ya wasomaji hawa wawili ndilo linalozibwa na fundi.

Fundi wa Kisii anastahili heshima kuliko anayopewa. Mwenye kibanda cha kutengeneza runinga anazijua nambari za kampuni kumi au kumi na tano kwa kichwa, na nyingine ameziandika katika daftari au kwenye ukuta wa kibanda. Anajua kwamba jina lililo usoni mwa runinga linaweza kudanganya, hivyo hutazama kwanza kibandiko cha nyuma na namba iliyochapwa kwenye rimoti ya zamani, ikiwa ipo. Anajua pia kwamba majina mengi tofauti hutumia lugha moja ya infraredi, kwa hiyo jina lisipokuwemo hujaribu nambari za kampuni jirani. Huwasha kamera ya simu, hasa ile ya mbele, akaielekezea rimoti na kubonyeza kitufe. Taa ikionekana kumetameta katika kioo cha simu, rimoti inatuma ujumbe, na kosa litafutwe kwingine. Maarifa hayo yote yamo katika mazungumzo. Yanapitishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi kwa Ekegusii, kwa Kiswahili na kwa mchanganyiko wa vyote viwili, jinsi fasihi simulizi inavyopitishwa, na huweza kupotea jinsi fasihi simulizi inavyopotea.

Hata hivyo, fundi ana mpaka wake. Rimoti inayosetiwa dukani bila runinga husetiwa kwa kubahatisha. Mteja akifika nyumbani, kwa mfano Magwagwa au Nyamache, akakuta kwamba rimoti inazima runinga lakini haiongezi sauti, ana njia mbili: ama aipande pikipiki tena hadi mjini, na nauli ya kwenda na kurudi huweza kuikaribia bei ya rimoti yenyewe, ama aibebe runinga mgongoni. Wapo pia wanaoisetisha rimoti vizuri, kisha betri zinapoisha wanazitoa na kuiacha hivyo usiku kucha. Rimoti za bei nafuu husahau nambari zikikaa bila betri, na safari ya mjini huanza upya. Sentensi moja ya Kiswahili ingeliondoa tatizo hilo la pili: badilisha betri upesi, na uiandike nambari yako kwenye karatasi ndogo ndani ya kifuniko cha betri. Sentensi hiyo haimo katika karatasi nyingi.

Wala jambo hili si la hisani tu. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa mwaka 2010 inakitaja Kiswahili katika kifungu cha 7 kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Wanafunzi wa Kiswahili hukariri kifungu cha 7 katika kila kongamano. Ni nadra kumsikia mmoja wao akikisoma pamoja na cha 46. Vikisomwa kwa pamoja, vinazua swali ambalo mawakili na wanaisimu wangeweza kulishughulikia bega kwa bega: je, maelezo yasiyofahamika ni maelezo?

Sasa tugeukie lugha yenyewe, na hapa lawama kidogo itawarudia wasomi. Nguvu nyingi zimetumika kutafuta jina la kifaa. Wapo wanaokiita kitenzambali, wapo wanaokiita kidhibiti-mbali, na umma wote kutoka Suneka hadi Nyansiongo hukiita rimoti. Mjadala huo una ladha yake, lakini haumsaidii yeyote aliyekishika mkononi. Neno rimoti limeshaingia, lina ngeli yake, lina wingi wake, na halimtatizi msemaji. Jina si kikwazo. Kikwazo ni vitenzi.

Chukua kitenzi cha kwanza kabisa, kile cha kugusa kitufe. Fundi wa bara husema finya. Vitabu vya shule husema bonyeza. Walioathiriwa na istilahi za kompyuta kutoka Tanzania husema bofya. Finya kina uhai wa mitaani, ila kwa msomaji wa Pwani kinaleta maana ya kuuminya mwili kwa kucha, na rimoti haistahili adhabu hiyo. Bofya kimezoeana zaidi na kipanya cha kompyuta, ambapo kidole hugusa na kuachia mara moja. Bonyeza kinaeleweka kote, na kinakubali kurefushwa: bonyeza na ushikilie. Huo ushikiliaji ndio moyo wa shughuli nzima, na ndipo wengi wanapokosea. Mtu akibonyeza SET na kuachia mara moja, hakuna kinachotokea. Akishikilia kwa sekunde tatu hivi, taa huwaka ikabaki imewaka. Kiingereza cha karatasi hulisema jambo hilo kwa maneno matatu manne ambayo mwenye haraka huyaruka.

Nomino nazo zina mitego midogo. Anayeandika kifungo badala ya kitufe ajue kwamba msomaji wake anaweza kufikiria shati au, vibaya zaidi, gereza. Mafundi huziita zile nambari kodi, na mteja asiyezoea huuliza kodi ya nini tena, ilhali ameshalipia rimoti. Neno msimbo ni zuri katika darasa la isimu. Katika karatasi ya rimoti, nambari linatosha.

Maagizo yenyewe yangeweza kusomeka hivi. Tia betri mbili mpya. Usichanganye mpya na kuukuu. Washa runinga kwa kitufe kilicho kwenye runinga yenyewe. Tafuta jina la runinga yako katika orodha. Mbele yake pana nambari kadhaa. Elekeza rimoti kwenye runinga. Bonyeza kitufe chenye neno SET na ukishikilie mpaka taa nyekundu iwake na isizime. Sasa kiachilie. Taa ikiwa ingali inawaka, bonyeza tarakimu za nambari ya kwanza, moja baada ya nyingine. Taa ikizima, rimoti imeipokea nambari. Jaribu kuongeza sauti, kisha jaribu kubadilisha stesheni. Kimoja kisipofanya kazi, rudia kwa nambari inayofuata.

Msomaji wa isimu ataona kwamba Kiswahili hapa hakikuazima kitu. Kiambishi -ki- cha masharti kinasema kazi iliyofanikiwa, -sipo- kinasema iliyoshindikana, na mpaka pamoja na kitenzi cha hali tegemezi huonyesha ukomo wa kushikilia. Mpangilio huo wa sharti na tokeo ndio huo huo unaotumiwa na kifaa chenyewe. Msemaji wa Ekegusii, ambayo ni lugha ya Kibantu vilevile, hakuti ugeni wowote katika kitenzi kilichobeba viambishi vya wakati na sharti. Ameanza kuvitumia kabla ya kuota meno. Mtu anayedai kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kueleza teknolojia hajapata kuketi na kuandika sentensi kumi za namna hii.

Sehemu ngumu zaidi ni pale nambari zote za orodha zinaposhindwa, au jina linapokosekana kabisa. Rimoti nyingi zina njia ya kujitafutia: mtu hushikilia SET mpaka taa iwake, kisha, kulingana na aina ya rimoti, hubonyeza kitufe cha kuzimia au cha sauti, na rimoti huanza kutuma nambari moja baada ya nyingine. Rimoti yenye nambari 300, ikituma moja kila baada ya sekunde 2, humaliza orodha nzima kwa dakika 10. Njia hii ni ya uhakika lakini inadai subira, na wengi huikatiza katika dakika ya pili kwa kudhani imekwama. Agizo la Kiswahili lazima liseme waziwazi: hii huchukua muda, usiache kuelekeza. Kisha lije lile la hatari: alama ya sauti ikitokea tu kwenye kioo, bonyeza kitufe chochote papo hapo. Anayechelewa kwa pumzi moja huipoteza nambari, kwa maana rimoti imeshasonga mbele. Mwenye kutaka kufanya kazi hii kwa ufanisi aanze na namba za nyuma ya runinga, afuate orodha ya kampuni, kisha za majirani zake, na utafutaji huu wa dakika 10 uwe wa mwisho. Fundi mzoefu hufuata utaratibu huo. Karatasi hausemi popote.

Lipo pia suala la adabu, ambalo wanapragmatiki wangelifurahia. Maagizo ya kiwandani humsemesha msomaji kama askari wa gwaride. Kiswahili kinaruhusu amri tupu, bonyeza, na kinaruhusu amri iliyolainishwa, ubonyeze. Omong'ina wa miaka sabini akisomewa karatasi na mjukuu wake, ubonyeze humkalia vizuri zaidi sikioni. Lakini ulainishaji ukizidi, na kila hatua ikatanguliwa na tafadhali, agizo linarefuka na mjukuu anapotea njiani. Kwa maoni ya makala haya, amri tupu itumike katika hatua zenyewe, na heshima iwekwe pale inapohitajika zaidi, yaani mwanzoni na katika maelezo ya makosa, ili anayekosea asione kwamba ametukanwa.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba jambo lenyewe ni dogo, na kwamba mwanafunzi wa uzamili ana riwaya za kuhakiki. Ni kweli kwamba ni dogo. Lakini wanafunzi wa shule za upili hufunzwa utungaji wa kiuamilifu, wakaandika maagizo na resipe ambazo hakuna atakayezipika, wakatuzwa alama, na mambo yakaishia hapo. Vyuoni sajili hufunzwa kwa mifano ileile ya mahakama, kanisa na hospitali. Kibanda cha fundi kilicho hatua chache kutoka lango la chuo hakitajwi, ilhali kina sajili iliyojaa ukopaji, utohoaji na uundaji wa maneno. Tasnifu moja ya utafiti wa nyanjani kuhusu lugha ya mafundi wa Kisii ingewafaa watu wengi kuliko marudio ya kumi ya mada iliyochakaa.

Pingamizi la pili hudai kwamba fundi atanyang'anywa unga. Hofu hii haina uzito mkubwa. Riziki ya fundi inatokana na kutengeneza. Kuseti rimoti aghalabu ni nyongeza anayompa mnunuzi ili asimwendee jirani, na humlia muda. La tatu lina uzito zaidi: kwamba runinga mpya zenye intaneti zina rimoti zinazowasiliana kwa Bluetooth, na rimoti ya nambari haiwezi kufanya kazi zake zote, hasa za kupokea sauti ya mtu. Ni kweli, na siku itafika karatasi hii iwe kumbukumbu ya makavazi. Hata hivyo runinga hizo nazo zina maagizo ya kuziunganisha, marefu kuliko ya SET, na vitenzi vinavyohitajika ni vilevile.

Tena uwezekano umeshathibitishwa. M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, mteja aliweza kuchagua menyu ya Kiswahili, na maneno kama tuma pesa na toa pesa yakawa ya kila soko. Wapo wanaoiacha menyu ya Kiingereza kwa mazoea au kwa fahari. Lakini anayekihitaji Kiswahili hukipata, na hakuna aliyeambiwa kwamba lugha haijakomaa. Kabla ya hapo, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na inafaa kusifiwa. Kasoro ya juhudi nyingi za aina yake ni kwamba zilianza na kompyuta, chombo ambacho wakati huo kilikuwa katika nyumba chache, zikavipita vile vilivyokuwa mezani na ukutani.

Kinachopendekezwa hakihitaji fedha za wafadhili. Wanafunzi wawili au watatu wa Kiswahili, pamoja na mmoja wa fizikia au elektroniki, waende kwenye vibanda vya mafundi, waombe ruhusa, na wakusanye nambari zinazotumika kwa runinga zinazopatikana Gusii, hasa zile ambazo majina yake hayamo katika orodha za kiwandani. Waandike ukurasa mmoja kwa herufi kubwa. Nakala zake ziachwe kwa wauzaji, ambao wana sababu nzuri ya kuzigawa: kila rimoti inayorejeshwa kwa kudhaniwa mbovu ni hasara kwao. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko katikati ya eneo lenyewe.

Je, ukurasa huo usiandikwe kwa Ekegusii? Uandikwe, na mapema. Lakini uanze kwa Kiswahili, kwa kuwa muuzaji wa Keroka huuzia Wagusii na Wakipsigis, na wa mjini Kisii huuzia pia Waluo wanaotoka upande wa Oyugis na Rongo, na wote hao hupatana bei kwa Kiswahili. Ukishaandikwa, usipelekwe kwa profesa kwanza. Apewe mtu ambaye hajawahi kuiseti rimoti, akae mbele ya runinga yake, asome kwa sauti na kutenda, na walioandika wanyamaze kimya nyuma yake wakiwa na kalamu. Kila anapositasita, sentensi hiyo ipigiwe mstari, ikaandikwe upya jioni hiyo hiyo.